Kadi za sikukuu za kuchapa kwa lino: nimekata taa za wavuvi wa dagaa, karibuni tufundishane

#1 FundiKadi_Kgm (mleta uzi)

Mwakeye wana Kigoma, na wengine wote popote mlipo, habari za leo.

Wiki ya tatu sasa meza yetu ya chakula hapa mtaa wa Mwanga haijawekewa sahani. Juu yake kuna kioo cha dirisha, wino mweusi, rola, na kipande cha lino kisichozidi kiganja cha mtu mzima. Natengeneza kadi za Krismasi na Mwaka Mpya za kuchapa kwa mkono. Nimeona nifungue uzi kwa sababu maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa kwa mtu ambaye duka la vifaa vya sanaa liko mtaa wa pili kutoka kwake. Sisi huku tuna fundi viatu, tuna fundi miavuli, tuna steshenari zenye manila, na tuna jua. Vinatosha, nitaeleza.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, lino ni lile zulia gumu la sakafuni la zamani. Mwingereza Frederick Walton ndiye aliyelipatia hataza mwaka 1863. Wanachukua mafuta ya mbegu za kitani yaliyoganda kwa hewa, wanachanganya na utomvu wa misonobari, unga wa gome la mti wa koki na unga wa mbao, halafu wanashindilia mchanganyiko huo juu ya kitambaa cha juti kama cha magunia. Jina lenyewe ni Kilatini: linum ni kitani, oleum ni mafuta. Baadaye wasanii wakaona kwamba linakatika laini kuliko mbao na halina nyuzi, kwa hiyo kisu kinakwenda upande wowote unaotaka. Unachora, unachimba pasipotakiwa kuchapa, unapaka wino juu ya palipobaki, unalaza karatasi, unasugua. Ni muhuri mkubwa.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kila Desemba alifunga kamba sebuleni, kutoka msumari wa saa hadi dirishani, na kadi zikatundikwa humo moja moja kadiri zilivyofika: Tabora, Dodoma, Morogoro, Dar. Nilizisoma zote. Zote zilikuwa na theluji na misonobari. Nilikua nikiamini kwamba sikukuu ni kitu kinachotokea mahali pengine, sisi tunaletewa habari zake kwa bahasha. Hakuna kadi hata moja iliyokuwa na mchikichi, wala mtumbwi, wala dagaa walioanikwa mchangani.

Basi mwezi uliopita nilikuwa ufukweni Kibirizi usiku, nikitazama Ziwa Tanganyika. Mnajua taa zinavyokaa kule nje siku za uvuvi, mstari mrefu mpaka huoni maji yanaishia wapi na Kongo inaanzia wapi. Nikarudi nyumbani sikulala. Lino iliyopakwa wino mweusi ni usiku mtupu. Ukikata kitundu, umewasha taa. Kazi niliyokuwa nikihangaika nayo miaka miwili, ya kuchora nyumba na miti na watu na kuchimba kila kilichowazunguka, nilikuwa naifanya kinyume. Picha ya usiku wa ziwa letu haihitaji kuchimba sana. Unakata mwanga tu.

Nitaendelea na vifaa jioni. Kama una swali, weka.

#2 Mwl_Kasulu

Shikamoo dada. Uzi mzuri sana. Mimi nafundisha darasa la sita, nimekuwa natafuta kazi ya mikono ya kuwapa watoto kabla ya kufunga shule. Naomba uandike pia usalama, maana umetaja visu.

#3 MzeeWaReli_Tbr

Nipo Tabora, nasoma. Hiyo kamba ya kadi sebuleni umenirudisha mbali, binti yangu. Kwetu tulifunga juu ya redio. Na tulizihifadhi kwenye boksi la viatu, mwaka unaofuata unajua nani hakukukumbuka. Endelea.

#4 FundiKadi_Kgm

Marahaba mwalimu. Mzee wangu wa Tabora, shikamoo.

VIFAA. Nitasema nilichojaribu kwa mikono yangu.

Lino halisi sikuipata Kigoma. Kipande changu cha kwanza aliniletea kaka yangu kutoka Dar, aliwahi kusoma sanaa. Ina rangi ya kijivu au kahawia, unene kama milimita 3, na nyuma ina kile kitambaa cha gunia. Ikikaa muda mrefu inakuwa ngumu na inavunjika pembeni. Dawa yake ni joto: iweke juani dakika kumi, au ikalie wakati unakunywa chai, inalainika na kisu kinateleza. Huko Ulaya wanatumia pasi na mikeka ya umeme. Sisi tuna ukuta wa nje saa nane mchana.

Ikikwisha, nenda kwa fundi viatu. Ile mpira ya soli inayouzwa kwa shiti, iliyo laini na yenye uso usio na michoro, inakatika vizuri sana. Chagua iliyo ngumu kidogo. Ile ya ndala nyepesi ina vitundu ndani na inabonyea unaposugua, kwa hiyo mstari mwembamba unapotea. Kapeti la plastiki la sakafuni nimelijaribu pia: linafaa kama ni nene na lina upande laini, lakini patasi inaruka ghafla, na ndilo lililonikata kidole gumba. Kwa mtu anayeanza, hata ufutio mkubwa wa shule unatosha. Kata nyota moja, chapa, utaelewa kila kitu kwa robo saa.

Patasi. Hapa ndipo nilipofurahi mno. Vile vyuma vya ndani ya mwavuli ulioharibika vina mfereji katikati. Kata kipande cha sentimita sita au saba, kinoe ncha kwa tupa ndogo halafu kwa msasa laini, kiingize kwenye kipande cha mpini wa ufagio, na una patasi ya umbo la U. Ukikibana mfereji kwa koleo ukawa mwembamba, unapata karibu na V. Ninazo nne. Za mwavuli wa kizamani wenye chuma kizito ndizo bora, hizi za siku hizi chuma chake kinapinda. Mistari mirefu iliyonyooka naikata kwa wembe au kisu cha kukatia karatasi, mara mbili kwa mshazari, kama unavyokata kabari.

Patasi butu ni hatari kuliko kali. Butu unaisukuma kwa nguvu, ikiteleza inakwenda na nguvu yote. Nanoa kila baada ya nusu saa.

Wino. Wino wa maji unaotumika shuleni unakauka haraka mno kwenye kioo kwa joto letu, unapaka kipande, ukigeuka umeganda. Mimi natumia wino wa mafuta wa wachapaji, ule wa kopo. Nilikwenda kwa mchapaji mmoja mjini na kichupa cha siagi ya karanga, akanichotea vijiko vitatu. Vijiko vitatu hivyo vimetoa kadi zaidi ya mia na bado upo.

Rola. Nilifunga kipande cha tyubu ya baiskeli, kimevutwa kikakaza, juu ya chupa nyembamba iliyonyooka. Inafanya kazi. Rola ya sponji ya kupakia rangi ya ukuta msijaribu, inaacha mapovu na kuingiza wino kwenye mashimo uliyochimba.

Karatasi nitaieleza peke yake, maana hapo ndipo nilipoharibu nyingi.

#5 Uyui_Asali

Swali: michikichi mnayo, mawese mnayo. Kwa nini usitengeneze wino wako kwa mawese na masizi ya sufuria? Ungekuwa wa bure.

#6 FundiKadi_Kgm

Nililijaribu hilo ndugu yangu, na nakushukuru umeuliza maana wengi watalifikiria. Mawese hayakauki. Mafuta ya kitani yakikutana na hewa yanashikana na kuwa ngozi ngumu, na ndiyo sababu yanatengeneza lino yenyewe na pia wino wa wachapaji. Mawese hata uyaache mwezi mzima yanabaki mafuta. Kadi yangu ya majaribio ilipata duara la njano kuizunguka picha, likawa linatambaa kila siku mpaka likatokea nyuma.

Lakini mawese yana kazi yake hapa, tena kubwa. Ndiyo nasafishia. Kitambaa chenye mawese kidogo kinatoa wino wa mafuta kwenye kioo, rola, lino na mikono, halafu unamalizia na sabuni ya mche. Mafuta ya taa nimeacha kabisa. Chumba kilikuwa kinanuka na ngozi ya mikono ikapasuka.

#7 MvuviKibirizi

Dada habari. Mdogo wangu kanionyesha huu uzi na picha uliyoweka. Kazi nzuri, hongera. Mimi ni wa hizo taa. Ila kuna kitu nataka nikuambie kwa nia njema.

Umeweka mwezi mkubwa juu, halafu taa chini zimejaa. Haiko hivyo. Mwezi ukiwa mpevu sisi tunalala nyumbani, tunashona nyavu. Dagaa anafuata mwanga kwa sababu pengine pote ni giza. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa yangu inamvuta nani? Wanatawanyika. Tunaingia siku za giza. Mtu yeyote wa huku akiiona hiyo kadi atajua aliyeichora alikuwa nchi kavu.

Halafu taa moja haikai peke yake juu ya maji. Iko katikati ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu uko chini. Zamani ilikuwa karabai, sasa wengi ni za betri, mwanga wake ni mweupe zaidi.

#8 FundiKadi_Kgm

Kaka, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Uko sahihi, na nimesikia uzito wake. Nimetoka kuwalalamikia watu wa theluji, halafu nami nimeweka mwezi kwa sababu kadi huwa zina mwezi.

Nimechapa kadi 22 zenye mwezi huo. Sitazitoa. Kesho nakata kipande kipya.

#9 Mwl_Kasulu

Hapo ndipo penye somo. Dada usisahau usalama na karatasi.

#10 FundiKadi_Kgm

Sijasahau mwalimu.

Usalama kwanza, kwa watoto. Mkono usiokata unakaa NYUMA ya patasi siku zote. Siyo pembeni, nyuma. Ukitaka kukata upande mwingine, geuza lino, usigeuze mkono. Mwombe fundi seremala akupigilie kibao chenye kizuizi: ubao mmoja, chini mbele una kipande cha kunasa ukingo wa meza, juu nyuma una kipande cha kuegemeza lino. Lino inasukumwa dhidi ya kizuizi na haitembei. Kwa darasa la sita ningetumia soli laini au ufutio, siyo kapeti la plastiki, na patasi ziwe chache kuliko watoto: wanne wanakata, wengine wanachora na kuchapa. Mwalimu Franz Cizek kule Vienna alikuwa akiwapa watoto lino mwanzoni mwa karne ya 20, na alifanya hivyo makusudi kwa sababu ni laini na ya bei nafuu. Kwa hiyo wazo lako si la kubahatisha.

KUCHORA NA KUGEUZA. Kila kitu kitatoka kimegeuka kama kwenye kioo. Unajua hilo, unalikubali, halafu unakosea. Kipande changu cha kwanza kabisa cha ziwa nilichora nikiwa nimesimama Kibirizi, rasi ya Bangwe ikiwa kushoto kwangu kama ilivyo. Kwenye kadi ikatoka kulia. Shangazi yangu aliitazama akauliza ni Bujumbura?

Njia ninayotumia sasa: nachora kwa penseli laini, 4B au 6B, kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha, kama inavyotakiwa kuonekana mwishoni. Nailaza kifudifudi juu ya lino, nabandika kwa selotepu, nasugua nyuma kwa kijiko. Penseli inahamia kwenye lino ikiwa imegeuka yenyewe, na kwenye kadi inarudi sawa. Huhitaji kufikiri.

Maneno yanahitaji kufikiri. HERI YA KRISMASI: herufi A, H, I, M na Y hazibadiliki ukizigeuza, kwa hiyo zinakudanganya kwamba umepatia. E, R, K na S ndizo zinazokuumbua. Nikimaliza kuhamisha maneno huwa naweka kioo cha kujitazamia pembeni ya lino na kusoma humo kabla ya kukata herufi hata moja. Mara nyingi siku hizi naacha maneno ndani kabisa ya kadi, nayaandika kwa kalamu. Mbele inabaki picha tupu.

KUKATA. Kata kidogo kuliko unavyotaka. Ukikata huwezi kurudisha. Mwanga wa taa naanza na kitundu kidogo kwa ncha ya patasi, naizungusha lino, siyo patasi, mpaka kitundu kiwe duara. Chini ya taa naweka mikato mifupi ya kulala, inayokuwa mirefu na mipana kadiri inavyokuja karibu na mtazamaji. Hiyo ndiyo njia ya mwanga juu ya maji. Mikato isilingane. Maji hayalingani.

Kabla ya kuchapa kwa wino naweka karatasi juu na kusugua kwa penseli. Inaonyesha picha ilivyo bila kuchafua kitu. Hapo ndipo naona taa iliyo peke yake sana au mawimbi yaliyozidi.

#11 FundiKadi_Kgm

KARATASI NA KUCHAPA.

Vipimo vyangu: manila ya A4 naikata katikati, kila nusu naikunja, inakuwa kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148. Lino yangu ni sentimita 9 kwa 13. Inabaki pindo nyeupe pembeni, na pindo hiyo ndiyo inayoifanya ionekane kazi. Bahasha ya kuingia kadi hiyo inaitwa C6, milimita 114 kwa 162. Kama steshenari hawana, toa bahasha moja ya zamani, ifungue gundi yake, ilaze juu ya karatasi ya kaki na kuikata kama kielelezo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuchapa moja kwa moja juu ya manila nene. Ukisugua kwa kijiko bila mashine, karatasi nene haipokei wino sawasawa. Weusi unatoka na madoadoa meupe, na usiku wenye madoadoa siyo usiku. Nikahangaika kuongeza wino, wino ukajaza vitundu vya taa. Suluhisho nililipata kwa bahati. Nilijaribu karatasi ya kawaida ya fotokopi ili kuangalia tu, ikatoka nyeusi safi. Tangu hapo nachapa juu ya karatasi nyembamba, naikata pembezoni, nabandika juu ya manila. Gundi natumia ya unga wa muhogo uliopikwa mzito na kuchujwa kwa kitambaa. Haikunji karatasi kama gundi ya maji ya dukani, na kadi naziweka chini ya vitabu usiku mmoja zinyooke.

Kuhusu kiasi cha wino, sikiliza rola. Ikipita juu ya kioo itoe mlio wa chini wa kuchachatika, kama dagaa wanaokaangwa kwa mafuta kidogo. Ukisikia mlio wa kunyonya, kama tope, umezidisha. Tazama pia uso wake: ukifanana na ganda la chungwa ni mwingi. Unatakiwa uwe kama kitambaa cha mahameli. Pakaza juu ya lino tabaka nyembamba mara tatu badala ya nene mara moja.

Laza karatasi, ishike kwa mkono mmoja isitembee, sugua kwa mgongo wa kijiko kwa miduara midogo, anzia katikati. Inua pembe moja, chungulia, rudisha kama bado. Nakala mbili tatu za kwanza huwa dhaifu, lino bado inakunywa wino. Kuanzia ya nne inakaa sawa.

Kukauka: hapa ratiba ndiyo kila kitu. Mvua zetu zinaanza kabla ya Desemba, hewa imejaa maji, na wino wa mafuta unaokauka siku mbili mwezi wa nane unachukua wiki nzima mwezi wa kumi na mbili. Nazitundika kwa vibanio vya nguo ndani ya chumba, siyo nje. Anayetaka kadi za Krismasi aanze kuchapa katikati ya Novemba.

#12 Kijana_Gungu

Bila kumvunja mtu moyo, siku hizi watu wanatuma picha kwa simu, bure, inafika sekunde hiyo hiyo. Kwa nini mtu asumbuke wiki tatu?

#13 FundiKadi_Kgm

Swali la haki mdogo wangu. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa na kuuzwa, London mwaka 1843, ilitengenezwa kwa sababu hiyo hiyo unayoisema. Henry Cole alikuwa na barua nyingi za kujibu na muda hana, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley atengeneze picha moja, ichapwe nyingi, aandike jina tu. Kwa hiyo kadi ilizaliwa kuokoa muda, na simu yako imeshinda mbio hizo kabisa. Sishindani nayo.

Mimi nafanya kwa sababu kuna watu kumi na tano duniani ambao nataka wajue kwamba nilikaa nikawafikiria wao peke yao kwa saa nzima. Mmoja ni mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Picha ya simu nitamtumia pia.

#14 MzeeWaReli_Tbr

Ahsante kwa jibu hilo.

Nami nichangie kidogo. Huku Tabora lino hatuna, lakini mninga tunao. Kijana wangu ni seremala, alichukua kipande cha ubao, akakipiga msasa mpaka kikang'aa, akachonga mzinga wa nyuki ukining'inia mtini. Tulipochapa, nyuzi za mti zenyewe zikaonekana kwenye picha, mistari myembamba kama mvua. Hakuichora, mti uliitoa. Kukata ni kugumu, patasi inataka kufuata nyuzi zake, na kukata kwa kukingama kunavunja. Lakini mzinga ulipendeza. Tumezituma kwa watoto wetu wote.

#15 FundiKadi_Kgm

Mzee, tafadhali weka picha. Mzinga wa Tabora kwenye kadi ya Mwaka Mpya! Hicho ndicho ninachokisema tangu juu.

Tena tusidhani ni kitu kigeni kwa Afrika. John Muafangejo wa Namibia amejulikana dunia nzima kwa kazi zake za lino, nyeusi na nyeupe, akiandika hata maneno ndani ya picha. Azaria Mbatha wa Afrika Kusini alikata hadithi za Biblia zikiwa na watu weusi, mavazi ya kwao. Wote walipitia kituo cha sanaa cha Rorke's Drift, huko Afrika Kusini. Ukizitazama kazi zao unaona kwamba hawakuomba ruhusa kwa theluji.

#16 BintiUjiji

Asalaam aleikum. Dada, sisi wa Ujiji unatuachaje? Nataka kadi za Idd, 20. Nisingependa sura za watu wala wanyama. Taa za ziwani nazipenda sana, lakini Idd bila mwezi haiwezekani, na kaka mvuvi ameshaukataa mwezi.

#17 MvuviKibirizi

Sijaukataa huo. Niliukataa mpevu. Mwezi wa Idd ni mwandamo, mwembamba, unaonekana baada ya magharibi kidogo tu, halafu unazama. Ukishazama giza limebaki zima. Siku hiyo mtu angeingia ziwani vizuri tu, kama si sikukuu.

Na unazama huko huko ziwani, upande wa Kongo, jua linapozamia. Kwa hiyo ukisimama Kibirizi au Ujiji, mwezi wa Idd na taa za mwanzo unaviona pamoja, mwezi chini kabisa juu ya milima.

Angalia pia unavyolala. Kwenye bendera na kalenda wanausimamisha wima. Kwetu mwandamo unalala chali, pembe mbili juu, kama mtumbwi.

#18 BintiUjiji

Kweli kabisa! Bibi yangu husema umekuja kama mtumbwi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kwenye kadi uko tofauti.

#19 FundiKadi_Kgm

Waaleikum salaam mdogo wangu. Sasa ninyi wawili mmenipa kadi bora kuliko zote nilizowahi kuwaza.

Nimechora usiku huu huu. Milima ya Kongo mstari mmoja chini. Juu yake mwandamo umelala chali, mkato mmoja wa patasi ya mwavuli, unaanza mwembamba, unanenepa katikati, unaisha mwembamba. Ukilala hivyo una faida nyingine: pembe mbili ziko sawa, kwa hiyo hata ukisahau kugeuza hauharibiki. Taa tatu tu, ndiyo kwanza zinawashwa. Pindo nimeizungushia mikato kama ya mlango wa Ujiji wa kuchonga. Hakuna kiumbe ndani yake.

Na ya Krismasi nimekata upya: haina mwezi, taa saba, kila moja katikati ya mitumbwi yake miwili. Mitumbwi nimeionyesha kwa mstari mwembamba wa mwanga ubavuni tu, mengine ni giza.

#20 Uyui_Asali

Rangi je? Zote nyeusi?

#21 FundiKadi_Kgm

Ya Idd nitaweka rangi mbili. Njia rahisi ni kusubiri wino wa mafuta ukauke kabisa, halafu kupaka rangi ya maji kwa brashi. Maji hayashiki juu ya mafuta, kwa hiyo yanaingia kwenye nyeupe tu. Njano hafifu kwenye mwezi, basi.

Njia ngumu ni ya kipande kimoja: unakata kidogo, unachapa kadi zote kwa rangi nyepesi, unakata zaidi kwenye kipande hicho hicho, unachapa rangi nzito juu yake. Mchoraji Picasso aliipenda sana njia hiyo alipoanza lino kwa bidii mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukikosea katikati huna pa kurudi, maana kipande cha mwanzo umeshakimaliza. Mimi nasubiri niwe na mikono imara zaidi.

Waliouliza bei kwa ujumbe wa faragha: nauza 2,500 pamoja na bahasha. Karatasi na wino ni sehemu ndogo, zaidi ni saa zangu. Mwalimu wa Kasulu nitakutumia patasi mbili za mwavuli na dereva wa basi, uwape watoto waanze.

#22 Mwl_Kasulu

Mungu akubariki dada. Nimeshapata soli na vibao vinne vyenye vizuizi. Watoto wameamua wenyewe watakata nini: mmoja baiskeli, mmoja kahawa, wengi wamechagua mbuzi.

#23 MvuviKibirizi

Dada nimeiona mpya. Sasa ndiyo. Mama yangu yuko Mwamgongo, nataka nimpelekee moja. Hajui kusoma, kwa hiyo umefanya vizuri kuacha maneno. Nilipomwonyesha kwenye simu alihesabu taa, akaniuliza yangu ni ipi.

Sikuwa na jibu. Mimi huwa natupa wavu mbali na wenzangu, kaskazini.

#24 FundiKadi_Kgm

Kaskazini ni kulia kwa anayetazama kutoka nchi kavu. Kwenye lino nimeikata kushoto, karibu na ukingo, ndogo kuliko zote, na mkato mmoja tu wa maji chini yake. Sasa ziko nane.

Nimechapa leo asubuhi, haijakauka. Pita Alhamisi kabla ya boti ya mchana, nitakuwekea kati ya karatasi mbili isichafuke njiani.